Frateri, Gemu Lililokrakiwa ni Dhambi?



Kila tunapofika amri ya saba kwenye semina za vijana, swali hili lazima litoke. Maswali ya zamani yalikuwa ya hela iliyookotwa njiani au chenji iliyozidi dukani. Siku hizi ni laptopu. Fundi amekuwekea magemu kwa flashi, yote yamevunjwa kufuli, au kama mnavyosema wenyewe yamekrakiwa, umelipa buku mbili tatu na maisha yanaendelea. Je, niyaseme kwenye maungamo?

Na siku hizi swali haliji peke yake, linakuja na hoja. Hoja yenyewe inazunguka sana mitandaoni na nakiri ina akili. Inasema hivi: hata ukilipia gemu kwa hela yako halali, kampuni inakuambia hukulinunua, umepewa leseni tu ya kulitumia, na wanaweza kuiondoa. Sasa kama kununua hakunifanyi kuwa mwenye mali, kuchukua bila kununua kutanifanyaje kuwa mwizi?

Nusu ya kwanza ya hoja hiyo ni ya kweli. Chukua gemu la magari linaloitwa The Crew, la kampuni ya Ubisoft, lililotoka Desemba 2014. Lilijengwa kiasi kwamba lazima liwasiliane na seva za kampuni hata ukiwa unaendesha peke yako. Tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa. Mtu aliyekuwa na diski yake mkononi, aliyeinunua dukani na risiti akapewa, alibaki na plastiki. Baadaye wengine wakakuta hata leseni imefutwa kwenye akaunti zao. Kutokana na hilo Ross Scott, Mmarekani anayetengeneza video za YouTube, akaanzisha kampeni ya kudai magemu yasiuawe namna hiyo, na kufikia mwaka 2025 ombi lililopelekwa Umoja wa Ulaya lilikuwa na saini zaidi ya milioni moja. Kwa hiyo wanaolalamika si wavivu wa kulipa. Hawa walilipa.

Mtakatifu Thoma wa Akwino hakucheza gemu, lakini ana ukurasa unaotufaa hapa, na uko mahali usipotegemea, kwenye suala la riba. Anatofautisha vitu vya aina mbili. Kuna vitu kama divai na ngano, ambavyo kuvitumia ndiko kuvimaliza. Huwezi kumuuzia mtu divai halafu ukamtoza tena kwa kuinywa. Ukifanya hivyo umeuza kitu kimoja mara mbili, au umeuza kitu ambacho hakipo. Na kuna vitu kama nyumba. Nyumba unaweza kuitumia bila kuimiliki, na mwenye nyumba anaweza kukupa matumizi akabaki na umiliki wake. Ndiyo maana kodi ya nyumba ni halali.

Gemu liko upande wa nyumba. Unalicheza na haliishi. Kwa hiyo kuuza leseni peke yake si dhambi, na anayesema kampuni zinatuibia kwa sababu tu zinauza leseni amekosea. Lakini angalia tofauti. Mpangaji anajua kwamba yeye ni mpangaji. Anajua kodi ni ya miezi mingapi, na mwenye nyumba akitaka chumba chake anatoa notisi. Kwenye duka la magemu kitufe kimeandikwa "Nunua". Bei ni ya kununua. Gemu kubwa jipya ni dola 70, kwetu zaidi ya laki moja na nusu. Ukweli kwamba umepanga, tena bila kuambiwa miezi, umefichwa kwenye vigezo na masharti ambavyo hakuna anayevisoma. Jimbo la California nchini Marekani liliona tatizo hili, na tangu Januari 1, 2025 sheria yake inamtaka anayeuza bidhaa za kidijitali kwa neno "nunua" amwambie mteja waziwazi kwamba anapata leseni. Ni sheria ndogo tu, ya maneno kwenye kitufe. Nabii Amosi angeielewa haraka sana, maana naye aligombana na watu waliopunguza kipimo na kuchezea mizani sokoni.

Tena Papa Leo wa XIII, katika Rerum Novarum ya mwaka 1891, alitetea mali binafsi kwa sababu ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaielewa: kile ninachonunua kwa mshahara wangu ni jasho langu lililobadilika sura. Kijana aliyebeba zege likizo nzima ili anunue gemu, ameweka wiki zake mle. Kumwambia baadaye kwamba hakununua kitu si jambo dogo.

Sasa nusu ya pili, ile ya "basi si wizi". Hapo hoja inaanguka, na inaanguka kwa daladala. Ukipanda Mbezi ukashuka Posta, hukununua siti. Siti imebaki ya mwenye gari, wewe ulipewa kuikalia tu. Je, ukimkwepa konda hudaiwi? Unadaiwa, tena mbele ya abiria wote. Kumbe mtu anaweza kutenda isivyo haki bila kuchukua umiliki wa chochote. Anachukua kazi ya wengine bila kuilipia. Utasema siti zina idadi na nakala ya gemu haina, hakuna aliyekosa kwa sababu yako. Sawa, panda basi tupu. Konda bado atataka nauli, na dereva bado aliendesha.

Ndani ya gemu kuna watu. Kuna aliyeandika programu, aliyechora, aliyetunga muziki, aliyekaa miezi anatafuta hitilafu. Wengine ni vikundi vya watu watatu au wanne ambao gemu moja ndilo pato lao. Sisi Watanzania hatuna haja ya kwenda mbali kulielewa hili, maana tumewaona wasanii wetu wa filamu, sura zao zinajulikana nchi nzima, huku muvi zao zikihamishwa kwa flashi mtaa hadi mtaa na wao hawapati hata shilingi. Tunawasikitikia, halafu tunamrudia fundi yuleyule.

Na udanganyifu wa muuzaji haukupi haki ya kuchukua. Unakupa haki ya kudai, kurudishiwa hela, kumshtaki, kumsusia. Mwenye nyumba akinidanganya kwenye mkataba siwezi kwenda kulala bure kwenye nyumba yake nyingine. Wapo wanaomtaja Mtakatifu Thoma hapa pia, kwamba alifundisha mwenye shida kali akichukua chakula hajaiba. Ni kweli alifundisha hivyo. Ila jamani, hakuna aliyewahi kulazwa kwa kukosa gemu la mpira.

Kwa hiyo ndiyo, liseme kwenye maungamo. Sisemi ni sawa na kumnyang'anya mama simu yake pale Kariakoo. Uzito unatofautiana, na padre atakusaidia kuupima: aliyewekewa gemu akiwa darasa la sita hajui lolote, na mwenye banda anayekusanya hela kila siku kwa magemu ya namna hiyo, hawa si kitu kimoja. Katekisimu inadai pia malipizi, kurudisha kilichochukuliwa kwa kadiri inavyowezekana. Ushauri wangu ni wa kawaida: futa usiyoyacheza, na lile moja unalolipenda kweli litafute kwa bei ya punguzo ulilipie. Kuna maduka kama GOG yanayouza magemu bila kufuli kabisa; ukishapakua, faili ni lako, seva izimwe isizimwe. Lakini aliyelipia gemu, kampuni ikaliua, naye akatafuta njia ya kulifufua kwenye mashine yake mwenyewe? Huyo mimi simwoni mwizi. Kuna wanaobisha, na kisheria ukivunja kufuli unaweza kupata matatizo katika nchi nyingi. Naongelea dhamiri.

Tuje kwenye kufuli lenyewe, maana hapa ndipo wengi hamfiki. Kampuni ina haki ya kuweka kufuli kwenye duka lake, hata mlinzi na mbwa. Swali ni mlinzi analala wapi. Mwaka 2005 Sony BMG waliuza CD za muziki ambazo ukiziweka kwenye kompyuta ya Windows zinapandikiza programu ya kuzuia kunakili. Programu ile ilijificha. Ilificha pia faili lolote ambalo jina lake lilianza na alama fulani. Oktoba mwaka huohuo mtaalamu Mark Russinovich aliikuta kwenye mashine yake mwenyewe, akaandika alichokiona, dunia ikashtuka. Haikuchukua muda, waandishi wa virusi wakaanza kujificha chini ya blanketi hilohilo, na hata wachezaji wadanganyifu wa gemu la World of Warcraft wakalitumia kuficha hila zao. Kampuni ikaishia kuziondoa CD hizo sokoni na kukabili kesi mahakamani.

Mtakatifu Thoma ana ukurasa wa hili pia: muuzaji anawajibika kutaja kasoro iliyofichika ya kitu anachouza, hasa ikiwa inaweza kumdhuru mnunuzi. Mlinzi aliyeingizwa chumbani kwako bila wewe kujua, akalala uvunguni, ni kasoro iliyofichika. Na anayeumia ni yule aliyelipa! Gemu la Spore la mwaka 2008 lilimruhusu mnunuzi kuliwasha kwenye kompyuta tatu tu, baadaye zikaongezwa kuwa tano, na bado likawa kati ya magemu yaliyoibwa zaidi mwaka ule. Mwizi alicheza bila usumbufu, mwaminifu akahesabiwa kompyuta zake. Hata hivyo msishangilie mapema, maana fundi naye ana walinzi wake. Gemu lililokrakiwa mara nyingi linakuja na abiria, na programu inayokuomba uzime kinga ya virusi kwanza ili lifanye kazi, unadhani inataka nini?

Hapo tumeshaingia kwenye faragha. Na jibu ninalopewa na vijana, tena wa kusali kweli, ni kwamba Mkristo mwema hana cha kuficha, na Mungu anaona yote.

Anaona yote, ndiyo. Lakini soma Mwanzo sura ya tatu mpaka mwisho. Adamu na Eva wamekosa, wamejificha, Mungu amewapata, hakuna kilichobaki siri. Halafu Mungu huyohuyo anawashonea mavazi ya ngozi na kuwavika. Yeye hakuyahitaji ili asione. Ni wao waliohitaji kufunikwa katika dunia waliyokuwa wanaiingia. Na Yesu alipofundisha kusali, alisema tuingie chumbani na kufunga mlango. Kanisa nalo linalinda siri ya maungamo kiasi kwamba padre hawezi kuivunja kwa amri ya yeyote, na hakuna anayesema anayeungama ni mtu mbaya kwa sababu hataki jirani asikie. Mungu anayekuona anakupenda, na hakuuzi. Kampuni inayojua unacheza saa ngapi, na nani, ukiwa wapi, na ni wakati gani unashawishika kununua silaha ya rangi mpya, haikuangalii kwa jicho hilo.

Wala kampuni haina chumba chenye mlango imara. Aprili 2011 wezi waliingia kwenye mtandao wa PlayStation, na taarifa za akaunti takriban milioni 77 zikawa hatarini: majina, anwani, tarehe za kuzaliwa. Hapa nyumbani tumepata somo letu kwa njia nyingine, ile mikopo ya mtandaoni. Unabonyeza "Nakubali", programu inasoma majina yote kwenye simu yako, ukichelewa kulipa, bosi wako na mama mkwe wanatumiwa meseji kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Gemu la bure kwenye simu linalodai kusoma namba zako za simu linaomba ruhusa ileile. Gemu la kupanga matofali linataka namba ya mjomba wako ya nini?

Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake. Unaweza kuuliza wana taarifa gani zako, unaweza kudai zirekebishwe. Wachache sana wanafanya hivyo. Wengi hata hatufungui ukurasa wa ruhusa kwenye simu, ambao ni dakika tano tu: futa ruhusa ya kipaza sauti, ya mahali ulipo, ya majina, uone gemu litagoma au litaendelea. Mara nyingi linaendelea.

Na wakati uko hapo, angalia na simu anayochezea mdogo wako. Mtoto wa darasa la nne ambaye akaunti yake inasema amezaliwa mwaka 1990, aliyemjazia ile fomu ni nani?