Mpira Umeanguka, Nani Aliugusa?

Kwenye mikutano yetu hapa Koboko, maafisa wa mashirika wanapenda neno moja la Kiingereza: knock-on. Mgao ukipungua, kutakuwa na ma-knock-on. Mkalimani anasema "madhara mengine", watu wanatikisa kichwa, basi, tunaendelea na ajenda.

Neno hilohilo lipo kwenye raga. Mpira ukimtoka mchezaji mkononi, ukaenda mbele na kugonga ardhi, refa anapuliza. Hata kama hakukusudia, timu yake inapoteza mpira: inapangwa skramu, wapinzani ndio wanaouingiza. Akikusudia ni penalti, pengine na kadi ya njano. Kusudio linabadilisha ukubwa wa adhabu, halifuti kilichotokea.

Sasa tuje kwetu. Julai 2023 wakimbizi wa Uganda tuligawanywa makundi matatu: walio hatarini zaidi wapate asilimia 60 ya mgao, wa kati 30, wanaohesabiwa kujiweza wasipate kitu. (Mnaona nilivyoandika: tuligawanywa. Sarufi nayo inajua kuficha mkono.) Fedha za wafadhili zilikuwa zimepungua, na sidhani kuna mtu aliyekaa mahali akapanga tulale njaa. Lakini asiye na mahindi hapeleki kitu mashineni. Mwenye mashine akikosa wateja hanunui dizeli, anafungua siku mbili kwa wiki. Halafu mama wa Kikakwa, mwenyeji, ambaye jina lake halijawahi kuwa kwenye orodha yoyote, anabeba muhogo wake kichwani kutafuta mashine ya mbali. Njiani anatulaumu sisi.

Rafiki yangu mmoja anayefanya kazi ofisini Arua aliniambia, "Ndugu, hata mimi nimegongwa tu. Bajeti inatoka juu." Namwelewa. Nyuma yake yuko bosi, nyuma ya bosi mfadhili, nyuma ya mfadhili bunge la nchi ambayo sitaiona. Ila mikono ikiwa mingi haimaanishi hakuna mkono, na yeye hatujamwomba atubu. Tunataka skramu: mchezo urudi pale mpira ulipoangukia, na aliyeangukiwa ndiye auingize. Yaani kabla ya orodha inayofuata kufungwa, waulizwe kwanza walioachwa nje.

Mwenye mashine, kwa mfano, hajawahi kuitwa kwenye mkutano hata mmoja.