Kilo Zina Risiti, Saa Je?

Mkulima mdogo wa chai huku Kipkelion akifikisha majani mabichi kituoni, karani hupima na kumpa risiti. Kilo zake zimeandikwa. Saa zake hazimo popote: za kuchuma majani mawili na chipukizi, za palizi, na hasa zile za kusubiri lori, ambazo mvua ikiharibu barabara hula jioni nzima. Bonasi ikija, anajua chai imemlipa ngapi kwa kilo. Kwa siku ya kazi, hajui. Mwenye kahawa pia shambani ana haja kubwa zaidi ya kujua ni zao gani linalomchosha bure.

Kuziandika saa hizo, daftari la shule linatosha, ila usilitwike mzigo. Ukichora safu ya kuanza, ya kumaliza, ya mapumziko na ya maelezo, utaliacha kabla ya mwezi kwisha. Mimi nasema mstari mmoja kila jioni: “Chai, saa moja hadi saa saba, lori saa kumi.” Dakika ziache. Siku uliyosahau usiibuni, ruka mstari.

Na iwapo mke au binti alichuma nawe, andika saa zake kwa jina lake. Risiti hubeba jina la aliyesajiliwa kiwandani, na mara nyingi huyo ni baba. Mikono mingine iliyojaza kikapu haionekani kwenye karatasi yoyote isipokuwa hiyo ya nyumbani.