Matembezi ya Ndugu: Furaha ya Halali na Gharama Zake

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya haya.

Katika darsa yetu ya baada ya Alasiri hapa Kinondo lililetwa suali ambalo baadhi ya waliohudhuria walilichekea, wakaliona ni suali la kitoto. Ndugu wawili wa tumbo moja, mwanamume na dada yake, wataka kuwapeleka watoto wao Mombasa baada ya Iddi, kwenye bustani ya michezo iliyo upande wa Nyali, wakateleze majini na kuogelea. Yule ndugu mwanamume ana kazi ya mshahara. Dada yake ni mjane auzaye mahamri asubuhi na viazi vya karai jioni. Wameazimia safari iwe ya gharama ndogo. Wakauliza: Je, jambo hili lafaa? Na likifaa, lafaa kwa mipaka gani?

Mzee mmoja akajibu papo hapo kuwa fedha ya kuteleza majini heri itiwe katika sanduku la msikiti. Kijana mmoja naye akasema kuwa kila mtu na mali yake, wala hapana wa kumuuliza. Sisi twaona majibu yote mawili yana kasoro. La kwanza lataka kuharamisha ambacho Mwenyezi Mungu hakukiharamisha. La pili lasahau kuwa mali ni amana, na kwamba kila mja ataulizwa Siku ya Kiyama juu ya mali yake, aliichuma wapi na aliitumia katika nini. Suali hili si la kitoto. Nyumba nyingi za pwani yetu zimevunjika udugu kwa mambo madogo kuliko haya.

Kwanza tutazame mchezo wenyewe. Wako wadhanio kuwa ucha Mungu ni kukunja uso. Dhana hii haina msingi. Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba siku ya Iddi Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao katika msikiti wa Mtume, naye Mtume (S.A.W.) akasimama kumsitiri Bibi Aisha hata alipotosheka mwenyewe kuwatazama. Na Salman Mfursi alipomzuru Abu Dardaa, nduguye ambaye Mtume aliwaunga udugu, alimkuta ameshughulika na saumu na kukesha hata mkewe ameachwa bila ya kutazamwa. Akamfahamisha kuwa Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani kwake wana haki. Basi kila mwenye haki na apewe haki yake. Habari zilipomfikia Mtume, alimsadikisha Salman.

Tena kitazameni kisa cha Nabii Yusuf. Ndugu zake walimwendea baba yao, wakamwomba awape mdogo wao waende naye kesho yake, akastarehe na kucheza. Nabii Yaaqub hakuwaambia kuwa mchezo ni dhambi. Alichokihofia ni mbwa mwitu na kughafilika kwao. Yaliyofuata twayajua sote. Uovu haukuwa katika matembezi, ulikuwa katika nyoyo za wale walioyapanga. Kwa hiyo, ndugu wapangao safari, kabla ya kuulizwa waenda wapi, yafaa waulizwe wamebebeana nini vifuani.

Baada ya hayo twaingia katika mali. Sura ya Al-Furqan, aya ya 67, inawasifu waja wa Mwingi wa Rehema kuwa hawafanyi israfu watumiapo wala hawafanyi choyo, bali hukaa katikati ya hayo mawili. Watu wengi hudhani israfu hupimwa kwa wingi wa shilingi. Sivyo. Shilingi mia tano yaweza kuwa israfu kwa mtu, na elfu kumi isiwe israfu kwa mwingine. Kipimo ni haki iliyorukwa. Mwenye kudaiwa na muuza duka, na deni limefika muda wake, naye ana cha kulipa, kisha akapita mbele ya duka lile amepakia watoto kwenda kucheza, huyo amecheza kwa mali ya mtu. Na asiyelipa karo ya mwanawe akamnunulia furaha ya siku moja, amemnyang'anya mtoto kwa mkono wa kulia na kumpa kwa mkono wa kushoto. Ama aliyetimiza yaliyomlazimu, akatoa Zaka yake ikiwa imemfikia, kisha akabakisha kidogo akakiweka kwa ajili ya kuwafurahisha watoto, huyo hatuoni wa kumlaumu. Na mzee wetu wa sanduku la msikiti tungependa kumkumbusha kwa adabu kuwa kumpa jamaa ni sadaka na ni kuunga kizazi pia, thawabu mbili kwa tendo moja.

Lililo baya zaidi ni safari ya mkopo. Siku hizi mtu hana haja ya kwenda kwa mkopeshaji. Mkopo umo ndani ya simu, huja kwa kubonyeza, na ziada yake hukatwa kimya kimya. Riba haibadiliki jina kwa kuwa ndogo, wala kwa kuwa haina sauti. Haba na haba hujaza kibaba. Mwenye kuanza kuweka mwezi wa Rajabu atafika Iddi na kitu mkononi, na asipofika na cha kutosha, basi na angoje.

Sasa ndugu zetu wamesema wataka gharama ndogo. Neno hili ni zuri, lakini lina milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa halali: kuchukua chakula cha nyumbani kikaliwe njiani kabla ya kuingia, kuvuka kivuko cha Likoni kwa miguu, kwani mwenda kwa miguu hatozwi kitu, kwenda siku ya kawaida badala ya siku ya Iddi yenyewe, penye msongamano, na kuuliza bei mapema, wote wajue watokalo nalo nyumbani.

Mlango wa pili ni wa haramu, nao watu huuingia huku wakicheka. Mtoto wa miaka kumi na mbili husemwa ni wa tisa ili alipiwe nusu. Baba husema hivyo mlangoni, na mtoto amesimama ubavuni pake asikia. Imepokewa kuwa mama mmoja alimwita mwanawe mdogo kwa ahadi ya kumpa kitu, na Mtume akamuuliza alikusudia kumpa nini. Akajibu kuwa ni tende. Mtume akamfahamisha kuwa lau asingempa kitu, angeandikiwa uwongo. Ikiwa hiyo ndiyo hukumu ya ahadi ya tende moja nyumbani, itakuwaje uwongo wa kuila haki ya mtu mlangoni mwa biashara yake? Baba huyo amempeleka mwanawe kuteleza majini, na kabla hawajayafikia maji amemfundisha kuteleza katika ukweli. Aliloliokoa mlangoni ni kiasi cha nauli, na alilolipoteza halina bei.

Katika mlango huo huo wamo wajazao watoto kumi katika gari la watu watano, au wasukumao kuingia kivukoni baada ya kuambiwa kimejaa. Sisi watu wa pwani hatuna udhuru wa kutojua. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilizama kikiwa kimejaza watu kupita kiasi, wakafa watu 272. Roho haiwekwi rehani kwa ajili ya kuwahi.

Tumefika sasa kwenye kiini cha suali, nacho ni udugu wenyewe. Tulipowauliza ndugu wale yupi atalipa, yule mwanamume akasema atalipa yote, na kwa hiyo yeye ndiye atakayechagua siku, na pa kwenda, na watakachokula. Dada yake akainama. Kisha akasema polepole kuwa yeye angekopa kwa wenzake wa soko, alipe nusu yake, asije akaambiwa. Hakumaliza maneno, lakini kila aliyekuwapo alijua mwisho wake: asije akaambiwa kuwa watoto wake walichezeshwa kwa hisani.

Mimi mwandishi sikuweza kunyamaza, kwani jambo hili limenipata. Miaka mingi iliyopita nilimlipia dada yangu na wanawe nauli na chakula katika safari kama hii. Jioni, kwa neno dogo tulilokosana, nikamtajia nilichotumia, nikakitaja mbele ya watoto wake. Hakunijibu. Kesho yake asubuhi alikuja, akaziweka fedha zile juu ya mkeka, akarudi zake. Na kwa mwaka mzima hakupokea kitu mkononi mwangu, hata embe. Nilikuwa nimefanya wema, kisha nikauteketeza kwa ulimi. Sura ya Al-Baqara, aya ya 264, imetuonya kuwa masimbulizi na maudhi huibatilisha sadaka. Nami nilikuwa nikiisoma aya hiyo tangu chuoni.

Basi iko njia gani? Wako wasemao: anayelipa ndiye mwenye amri. Hii ni kanuni ya soko, na sokoni ina haki yake. Lakini ndugu hawakukutanishwa na bei. Tuseme mmoja ana shilingi 4,000 alizoweza kuweka, na mwingine ana 400, na kila mmoja ametoa alicho nacho. Mbele ya watu wa pili ametoa kidogo. Mbele ya Mwenyezi Mungu huenda ikawa yeye ndiye aliyetoa zaidi, kwani amekitoa katika uchache. Tena yuko atakayeamka saa tisa za usiku kukanda unga na kufunga chakula cha watu wanane. Kazi hiyo ingenunuliwa barabarani ingelipiwa. Kwa nini isihesabiwe kwa kuwa imefanywa na dada?

Tukawapa shauri hili, nasi twalitoa kwa kila msomaji. Wakae ndugu wawili peke yao, wala si mbele ya wake wala waume wala watoto, waandike katika karatasi yote yatakayotakiwa: nauli ya kwenda na kurudi, kiingilio, chakula, na kidogo cha dharura. Kila mmoja aseme ukweli wa uwezo wake, bila ya kujikweza wala kujidhalilisha. Mwenye kupungukiwa asikope ili aonekane; na mwenye kuzidi atoe, kisha ajikaze kusahau. Shauri la siku na mahali liwe la wote wawili sawasawa, kwani Waislamu wametakiwa washauriane katika mambo yao, wala hawakuambiwa kuwa rai hupimwa kwa mfuko. Na karatasi ile, safari ikiisha, ichanwe.

Limebaki neno moja. Si lazima kila furaha ivushe Likoni. Hapa Kinondo twaishi mahali ambapo watu wa Ulaya hupanda ndege kuja kupaona. Msitu wa Kaya Kinondo ni miongoni mwa makaya ya Mijikenda yaliyotiwa mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na wageni huja kutembezwa humo. Lakini wako watoto wetu ambao hawajapata kuambiwa jina la mti hata mmoja. Twajua kuwa baadhi ya ndugu huogopa, kwa sababu ya mila zinazohusishwa na makaya. Sisi twasema wazi: kuomba penye mti ni shirki, na kuutazama mti ni mazingatio. Asiyejua kuvitenga viwili hivi na afundishwe, asikatazwe kutazama. Na wakifika upande wa Bamburi, wawaonyeshe watoto machimbo ya kiwanda cha simiti, ambako mwaka 1971 René Haller alianza kupanda mivinje juu ya mwamba mtupu; majongoo yakayala majani yake, yakawa udongo, na udongo ukawa msitu. Mtoto aliyecheka majini saa nne, kisha saa nane akaona jinsi Mwenyezi Mungu anavyoihuisha ardhi baada ya kufa kwake, amerudi nyumbani na vitu viwili.

Basi jibu letu ni hili. Safari hiyo yafaa, kwa sharti Sala zisipotezwe, sitara ihifadhiwe, madeni yaliyofika yalipwe kwanza, kusiwe na riba wala uwongo, na pasiwe na masimbulizi. Yakikosekana haya, wakae nyumbani wakale viazi vya dada yao ukumbini, na huenda hapo wakapata furaha waliyokuwa wakiifuata Nyali.

Ndugu wale waliondoka pamoja. Tuliwaona njiani wakibishana kwa sauti ya chini, na yule mwanamume ameshika karatasi. Hatukusikia waliyoyasema. Lakini dada yake ndiye aliyekuwa akisema, naye alikuwa akiandika.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuwafikisha.