Nasaha za Utani kwa Vijana wa Bagamoyo

Wanangu wa Dunda, Magomeni, Kaole na Mlingotini, siwakatazi utani. Mji wetu umelelewa nao. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walishuka hapa na pembe za ndovu mabegani, wakakatiza nchi za Wakwere na Wazaramo, kisha wakakaa mjini wakingoja msafara wa kurudi bara. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi wazee wengi huueleza kwa safari hizo: watu wasiojuana, wenye kila sababu ya kuogopana, walipeana ruhusa ya kutukanana bila kukasirikiana.

Lakini ruhusa ile ilikuja na kazi. Ukifiwa, mtani wako alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika. Alishika jembe, alibeba maji, alichochea moto wa wapishi. Na katika kazi hiyohiyo aliiga mwendo wa marehemu, akamdai madeni yasiyokuwepo, pengine akajilaza kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Wafiwa walicheka huku machozi yakiwatoka. Hakuna aliyemwona mkosa adabu, kwa sababu alikuwa na udongo mikononi. Hilo ndilo ninalotaka mlishike: anayekutania anawajibika kwako, na siku ya shida utamwona.

Sasa tazameni maneno yenu ya leo. "Utajua hujui." "Imeisha hiyo." "Tulia, dawa ikuingie." Ni maneno matamu, mafupi, na yeyote aliyeyabuni alikuwa na kipaji. Pale soko la samaki, mchuuzi akichelewa kupandisha bei mnadani huambiwa "imeisha hiyo" na hucheka kweli, maana anayemwambia amesimama ubavuni pake, na kesho zamu itamgeukia. Neno hilohilo likitumwa kwa simu kwa kijana aliyeandika kwamba amekosa kazi, linamkuta peke yake chumbani, haoni uso wa aliyelituma. Na "pambana na hali yako", mwenzako akikuomba nauli ya kumpeleka mama hospitali, si utani tena. Huo ni mlango uliofungwa. Kama huna, sema huna, kisha muulize mgonjwa anaendeleaje.

Katika mpira mna nafasi kubwa zaidi. Yanga ni ya 1935, Simba ni ya 1936, na tangu hapo watani wa jadi wanachekana. Wa Yanga ataitwa Utopolo, wa Simba Kolo, na kila mmoja ana jibu lake mfukoni. Endeleeni. Ila mkiacha timu mkaingia kwenye maradhi ya mtu, umbo lake au mama yake, mmeshatoka uwanjani.

Kuna jambo linaloniuma kuliko yote, nalo ni picha za watu kugeuzwa stika. Abiria kasinzia mdomo wazi kwenye daladala. Bibi analia msibani. Mgonjwa wa akili anacheza stendi. Mtu anapiga picha, anaandika neno la kuchekesha juu yake, na kabla ya magharibi sura ile imefika Tanga, Zanzibar na hata Muscat kwa ndugu zetu. Mwenye sura hakuulizwa, wala hana pa kujibia, maana hajui hata nani anamcheka. Mtani wa zamani alimwiga marehemu mbele ya watoto wake, nao waliweza kumfukuza. Basi kama unataka sura ya rafiki yako, mwombe kwanza. Mtoto, mzee, mgonjwa na mlevi usiwaombe wala usiwapige picha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza ujumbe unaotumwa kwa nia ya kumsumbua au kumuumiza mtu moyo, lakini mimi ningependa muache kwa kuona haya kabla ya kuacha kwa hofu ya polisi.

Mjihadhari pia na grupu la ukoo kwenye WhatsApp. Desturi yetu inajua nani wa kutaniwa: babu humwita mjukuu mkewe, shemeji hutaniana na shemeji, bali mkwe huinamishiwa macho. Zamani watu hawa hawakukaa baraza moja. Simu imewakalisha pamoja, na neno ulilomtupia shemeji linasomwa na mama mkwe papo hapo, naye hajui aondoke vipi bila kuonekana ameondoka. La shemeji mtumie shemeji peke yake. Na mkwe akituma dua au picha ya wajukuu, usiijibu kwa stika ya kichekesho hata kama wengine wamekwishaanza. Andika "amina", andika "shikamoo".

Ikitokea umemuumiza mtu, usimwambie "nilikuwa natania tu", maana hapo unamlaumu kwa kuumia. Futa ulichotuma. Waombe uliowatumia nao wafute. Kama alidhalilika mbele ya grupu, omba radhi mbele ya grupu hilohilo, kisha nenda kwake kwa miguu, pamoja na mtu mzima ikiwa jambo ni zito. Aliye mbali apige simu isikike sauti yake, wala asitume stika ya viganja vilivyounganishwa.