Kipimo cha Dawa ya Sonona

Wajukuu wangu wa Litein, Sotik, Kapkatet na huko Kericho mjini, nawaandikia ninyi mnaowapeleka ndugu zenu hospitalini wakiwa hawali, hawalali, hawataki hata kuitikia salamu. Nilifanya uuguzi wodini miaka mingi kabla ya kustaafu na kurudi shambani, na liko jambo linaloniuma mpaka leo. Mgonjwa wa sonona kali hulazwa, hutulia kidogo, kisha huruhusiwa kwenda nyumbani na amitriptilini ya miligramu 25, kidonge kimoja kila usiku. Miezi hupita na hakuna anayeuliza kama anapona.

Kidonge hicho kitampa usingizi. Usingizi ni neema kwa mtu aliyekesha siku nyingi, lakini kwa mtu mzima sonona kali haiondoki kirahisi kwa kiasi hicho. Huo ni mwanzo. Daktari hupandisha dawa polepole, akiuangalia moyo, umri na maradhi mengine, mara nyingi hadi kati ya miligramu 75 na 150 kwa siku. Wazee hupewa pungufu. Fluoksetini nayo ina hesabu yake, na wengi huitumia miligramu 20 asubuhi. Kwa hiyo msilinganishe namba za dawa mbili mkidhani wa 20 ana nafuu kuliko wa 100. Na msiongeze wenyewe! Rudini kliniki muulize: "Daktari, hiki ni kiasi cha kuanzia au ndicho cha kumtibu? Turudi lini?" Ulizeni Longisa, ulizeni Tenwek, ulizeni hospitali ya rufaa ya Kericho. Kuuliza hivyo si utovu wa adabu.

Halafu kuna haraka yenu, vijana. Wiki ya kwanza kinywa hukauka, kichwa huzunguka, choo huwa kigumu, na nafuu yenyewe bado. Huchukua wiki 2 hadi 4, pengine 6. Hapo ndipo jirani hupita na kusema hizo ni dawa za wazimu, zitupeni. Aliyepogoa chai yake husubiri miezi kabla ya kuchuma tena, wala hang'oi kichaka. Wengine huvumilia vizuri, kisha bonasi ya chai ikija na mgonjwa akianza kucheka, huacha dawa siku hiyo hiyo. Akishapona, dawa huendelea miezi 9 hadi 12, ndipo daktari aipunguze kidogo kidogo.

Najua pesa ni shida. Mashine za kuchuma chai zimewaachisha kazi watu wengi, na nauli ya kliniki ni chakula cha siku. Lakini anayekata kidonge nusu ili kitoshe mwezi amwambie daktari ukweli, atafutiwe dawa ya bei nafuu. Na asichanganye dawa hizi na chang'aa wala busaa.

Kwa mgonjwa aliye chini ya miaka 25 nasisitiza zaidi. Wiki za mwanzo, au kipimo kinapobadilishwa, mawazo ya kujiua yanaweza kumzidi. Msimwache peke yake. Dawa itunzwe na mtu mwingine, na mwombe mpewe ya wiki moja moja. Amitriptilini nyingi ikimezwa kwa mkupuo huvuruga mapigo ya moyo na kuua. Aliyeimeza akimbizwe hospitali papo hapo, hata kama bado anaongea vizuri, na mbebe pakiti ya dawa ili daktari ajue amekunywa nini. Msimfiche nyumbani kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba ya Kenya. Anayefikishwa wodini akiwa katika hali hiyo ni mgonjwa, na ana haki ya kutibiwa.