Maji ya Shisha Hayaoshi Moshi

Somo: Yeremia 2:22, 1 Wakorintho 6:12, 19-20

Katika Yeremia 2 Mungu anasema na watu waliokuwa wakijiosha sana. Magadi walikuwa nayo, sabuni pia, tena si kidogo. Lakini Bwana anawaambia doa bado analiona. Shida haikuwa uhaba wa maji. Doa lenyewe halikuwa la kutolewa na maji.

Nimechukua andiko hili kwa sababu ya swali ninaloulizwa na vijana wetu, tena waliookoka, wengine wanahudumu: "Pasta, sigara najua ni mbaya. Lakini shisha si inapita kwa maji?" Si swali la kijinga, kwa hivyo tulijibu polepole.

Ndiyo, moshi unapita kwa maji. Maji yanaupoza, basi. Nikotini inapita, lami inapita, na kemikali zinazoleta saratani zinapita. Na kwa kuwa moshi umepoa, haukwaruzi koo, kwa hivyo unavuta kwa nguvu zaidi na unakaa hapo muda mrefu zaidi. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka wa 2005 kwamba kikao cha shisha cha saa moja kinaweza kukuingizia moshi mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja. (Hapo tunapima wingi wa moshi, sio nikotini. Tusiongeze chumvi.)

Halafu kuna makaa. Nani hapa hajasikia habari za watu waliolala na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, asubuhi wakakutwa wamekufa? Gesi iliyowaua ni kaboni monoksidi, haina harufu. Gesi hiyo hiyo inatoka kwenye kaa linalowekwa juu ya shisha, na wewe unaivuta kwa mdomo. Kile kizunguzungu wengine wanakiita raha, mara nyingi ni mwili unaokosa oksijeni. Na bomba lile linalozungushwa mezani kutoka mdomo hadi mdomo linaweza kukupa TB.

Nilisomea biashara kabla ya kuingia katika huduma, na darasani tulifundishwa kwamba mteja akiondoka lazima umtafute mwingine. Sasa angalia biashara ya tumbaku. Inaua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka, na hadi nusu ya wale wasioacha watakufa kwa sababu yake. Hakuna muuza unga anayeweza kuzika wateja hivyo na bado duka likawa wazi. Kwa hivyo lazima wateja wapya wapatikane, tena wadogo. Ndiyo maana kuna ladha ya tufaha, ya minti, ya stroberi. Mzee wa miaka 60 habembelezwi na stroberi! Mzazi, ile harufu tamu kwenye sweta ya mtoto Jumapili asubuhi, usidhani lazima iwe pafyumu. Muulize, lakini kwa upole.

Wengine wana hoja ya sheria. Serikali ilipiga marufuku shisha Desemba 2017. Januari 2024 mahakama ya Shanzu, kule Mombasa, ikasema kanuni zile si halali kwa sababu hazikupelekwa Bungeni. Serikali nayo ikashikilia kwamba marufuku bado ipo. Mawakili waendelee na kazi yao. Paulo aliwakuta watu wa Korintho wakisema kila kitu ni halali kwao, na yeye akauliza swali lingine: ni nini kinanitawala? Kisha akawakumbusha mwili ni hekalu la nani na ulinunuliwa kwa bei.

Nikotini inatawala. Inafika kwenye ubongo kwa sekunde kama 10 tu, ubongo unaizoea, halafu unaanza kudai. Hapa nitasema jambo ambalo huenda lisiwapendeze wote. Tunamwombea ndugu madhabahuni, Jumatano tunamkuta kibandani na fegi, tunasema hakuokoka. Anachojifunza ni kuficha. Anabeba minti mfukoni, anakaa kiti cha nyuma, anatoka kabla ya baraka. Mungu anaweza kumfungua mtu kwa siku moja, nami nasema amina. Lakini yuko ndugu ambaye siku tatu za kwanza hatalala, atakuwa na hasira, atagombana na mke wake juu ya chumvi. Huo si upungufu wa imani, ni mwili unaodai ulichozoea. Huyo anahitaji maombi na anahitaji daktari. Kuna bandiko la nikotini la kubandika kwenye ngozi, kuna chingamu yake, na kuyatumia si kumkana Roho Mtakatifu.

Na mwili Mungu ameuwekea rehema. Ndani ya siku moja au mbili baada ya kuacha, ile kaboni monoksidi kwenye damu inashuka hadi kawaida. Mwaka mmoja, hatari ya ugonjwa wa moyo imepungua kama nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta.

Namba ya NACADA ni 1192, kupiga ni bure. Mimi nitakuwa ofisini Jumatano baada ya maombi ya jioni. Njoo na mtu mmoja unayemwamini. Kama shisha yako iko nyumbani, ifunge kwa gazeti uje nayo. Hakuna atakayetaja jina lako kwa maikrofoni.