SHAMBA LA ANATHOTHI NA MSITU WA MAGOMBERA
Yeremia 32:6–15



Twawaomba mfungue kitabu cha nabii Yeremia na kuisoma habari hii polepole. Jeshi la Babeli lilikuwa limeuzunguka mji wa Yerusalemu, na Yeremia mwenyewe alikuwa amefungwa katika ua wa walinzi kwa amri ya mfalme Sedekia. Siku zile ndugu yake Hanameli akamjia, akamtaka anunue shamba lake la Anathothi. Ni nani mwenye akili angenunua shamba katika nchi iliyokwisha kushikwa na adui? Lakini Yeremia alipima fedha shekeli 17, akaandika hati mbele ya mashahidi, na hati ile Baruku akaiweka katika chombo cha udongo ipate kudumu siku nyingi. Alinunua asipate kulima. Alinunua kwa sababu Mungu alikuwa ameahidi ya kwamba nchi ile itakaliwa tena.

Neno hili limetujia moyoni kwa ajili ya mzee mmoja wa usharika. Watu walikuwa wakishauriana juu ya mteremko uliochakaa, ulio juu ya chemchemi yao. Miti yake ilikwisha kukatwa kwa mkaa, udongo umechukuliwa na mvua, na mwenyewe ataka kuuza. Wengine walisema, “Usharika uununue, tuuache uwe msitu tena, ndege na wanyama wapate makao.” Ndipo mzee yule akasimama, akasema, “Je, sadaka zetu zinunue mlima kwa ajili ya nyani, hali vijana wetu hawana vibanja?” Siku ile hatukuwa na jibu. Leo twataka kujaribu kumjibu kwa heshima, maana swali lake si la mpumbavu.

Kwanza twatazama jambo lililotendeka katika nchi yetu. Katika bonde la Kilombero, mkoa wa Morogoro, kati ya milima ya Udzungwa na Hifadhi ya Nyerere, uko msitu uitwao Magombera. Humo hukaa mbega wekundu wa Udzungwa, wasiopatikana po pote duniani ila katika pande zile. Humo pia mtaalamu mmoja alimshtua nyoka, naye nyoka akamwacha kinyonga mdogo aliyekuwa amemkamata. Mwaka 2009 kinyonga huyo aliandikwa kuwa wa aina isiyojulikana bado, akapewa jina la msitu ule. Tazameni, Mungu alikuwa akimlisha miaka yote, wala sisi hatukuwa na jina lake!

Msitu huo ulikuwa umekatwa sana, na sehemu yake ilikuwa mali ya kampuni ya miwa. Watu wakachanga fedha, wa hapa na wa ng’ambo, sehemu ile ikanunuliwa, na mwaka 2019 Magombera ikatangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia.

Lakini kununua kulikuwa mwanzo tu. Mahali palipokatwa miti mikubwa, jua huingia, na mimea itambaayo huota kwa nguvu, ikapanda juu ya miche na kuisonga. Mtu apitaye huona majani mabichi, akadhani msitu umepona. Kumbe mche uliopaswa kuwa mti umeinamishwa chini, hauwezi kukua. Wafanyakazi huingia kwa mapanga, wakaikata mitambaazi ile mmoja mmoja, ndipo miche huinuka.

Na sisi tu watu wa namna gani? Mwaka 1861 mfalme Rumanyika aliwapokea Speke na Grant katika Karagwe, na Speke aliwinda faru katika vilima vyetu. Leo faru hao hawapo tena. Lakini ng’ambo ya mto Kagera, katika hifadhi ya Akagera ya Rwanda, faru waliokwisha kutoweka walirudishwa mwaka 2017. Basi mtu asiseme ya kuwa kilichoharibika hakiwezi kurudi.

Sasa twamjibu mzee wetu. Ni kweli, vibanja vimegawanywa hata vimekuwa vidogo, na nyani hula mahindi ya maskini. Kwa hiyo kununua kwo kote kunakomtoa mjane katika shamba lake, au kunakompa mwenye shida bei ya kumdhulumu, ni wizi, ijapokuwa kumefanywa kwa ajili ya msitu. Amri ya Saba haikufutwa. Lakini mteremko ule haumlishi kijana hata mmoja. Akiulima miaka miwili, udongo utakwisha, na chemchemi inywewayo na mji mzima itafuata. Tena Zaburi ya 104 yatufundisha ya kuwa Mungu amewapa ndege miti, na mbuzi wa mwitu milima. Nao hawawezi kuja sokoni kununua kibanja chao. Asipowanunulia mtu, watakaa wapi? Na ardhi yenyewe si yetu: sheria ya nchi ya mwaka 1999 yasema ni ya umma, na Mambo ya Walawi, sura ya 25, yasema ni ya Bwana, sisi tu wageni kwake.

Kwa hiyo twawashauri wazee wa kila usharika waitazame ardhi ya usharika wao. Palipo na mteremko mkali au kichwa cha chemchemi, pasipandwe mikaratusi ya kuuza. Irudishwe mitoma na mishambya, na vijana waulinde mche hata uwe mti.

Ndugu, sisi nasi tulikuwa shamba lililoharibika. Hakuna aliyeona faida ndani yetu, lakini Kristo alitununua, si kwa shekeli 17, bali kwa damu yake. Wala hakutununua akatuacha katika kichaka chetu. Kila siku, kwa Neno lake na kwa toba, aikata mitambaazi inayotusonga: choyo, hasira, na wasiwasi wa kesho. Aliyenunuliwa hivyo hatasema ya kuwa kununua kilichoharibika ni kupoteza fedha.

Mungu na awape wazee wetu shauri jema. Amina.